Ndege wa Kalunde

Mke wangu Kalunde alifia ng'ambo hii ya mto, ndani ya gari, maji yakiwa yamejaa na hospitali ikiwa ng'ambo ile. Daraja tumeahidiwa tangu nikiwa kijana. Kila uchaguzi wanakuja wakubwa, wanapima kwa kamba, wanapigwa picha, wanaenda.

Mtoto wetu Kanini hakulia. Alikuwa analala kwa nyanyake Ndila, mama mkwe wangu, na huko ndiko alikotiwa hadithi kichwani. Mimi niliisikia nikiwa nje, maana kwetu Ukambani mkwe haingii nyumba ya mama mkwe. Mama mmoja alienda kuchota maji mtoni, mto ukambeba, akatokea chini amegeuka ndege, kanga, anachakura mchanga akitafuta mtoto wake. Binti yake akaenda kumwita. Hapo Kanini akalala, Ndila akaachia hapo.

Asubuhi mtoto akataka mwisho wake. Nyanya akakataa, hadithi haisimuliwi mchana, mbuzi watapotea. Akaja kwangu. Nikamwambia nikisikia tena habari ya ndege nitamchapa.

Sasa mchana nikiwa dukani kwa Haroun, simu yake ikalia. Ni binamu yake anayekaa juu, karibu na milima. Haroun akasikiliza, akaniangalia.

"Mulinge, mvua imenyesha huko juu, mto unakuja umejaa. Na Kanini amepita hapa na mbaazi mkononi, akielekea mtoni."

Kwetu jua lilikuwa linawaka. Hakuna hata wingu. Nilikimbia mpaka kifua kikauma.

Alikuwa amechuchumaa katikati ya mto mkavu, kando ya shimo la kuchotea maji, amemwaga mbaazi mchangani. Kanga walikuwa mbele yake, kundi zima. Nikamwita kwa ukali. Akainuka akakimbilia upande wa ng'ambo. Nikiongeza hatua, naye anaongeza. Ananiogopa mimi kuliko mto. Na kwa mbali nilianza kusikia kama lori linapanda mlima.

Nikakaa chini.

"Kanini, njoo nikumalizie hadithi."

"Nyanya alisema si mchana."

"Mbuzi wapotee. Njoo."

Akasimama. Mwisho siujui, na mimi si mtu wa hadithi, shule niliachia darasa la nne. Nilitamani niwaingize wale wakubwa wa daraja humo ndani ya hadithi wazame wote, lakini muda haukuwepo.

Nikasema yule binti alimwita mamake kwa jina. Na kwamba kanga mmoja akageuka, akamtazama. Kanini akasogea kidogo. Nikasema, akamtazama, lakini hakumjua. Akaruka na wenzake. Binti akatoka mtoni, akaenda kwa babake.

"Mbona hakumjua?"

Hapo ningeweza kudanganya. Ile sauti ya maji ilikuwa imefika kwenye kona ya mto.

"Kwa sababu alikuwa amekufa. Mtu akikufa hawezi kukujua tena, hata umwite namna gani."

Akatembea mpaka nilipo. Nikambeba begani, nikapanda ukingo kwa magoti na mkono mmoja. Kanga wakaruka wote pamoja. Maji yakapita, mekundu, na miti ndani yake, na lile shimo sikuliona tena.

Kanini aliangalia kwa muda mrefu.

"Mama yangu amekufa," akasema. Hakuwa anauliza.

Halafu akalia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike, na kamasi yake ikanilowesha shati lote. Alipopata pumzi akaniambia nirudie pale binti anapomwita mamake. Nikaanza. Nilifika kwenye jina la Kalunde, sauti ikakataa kutoka. Kanini akaendelea yeye, polepole, akinisaidia.