Kofia ya Papa Adalbert

Kwetu ku bureau, ofisi yetu mtaani Murara, tunatengeneza site za internet tukiwa watu watatu: Papa Adalbert mwenye bureau, Benny, na mimi Katungu. Miezi mizima nilimuomba Papa Adalbert tutumie programu ya Git. Nikamueleza kwamba mutu akibadilisha kitu, Git inachunga cha zamani na inaandika jina la aliyebadilisha. Akanijibu, "Binti yangu, watu watatu wanaokula sahani moja wanaandikana majina ya nini?" Akavua kofia yake nyekundu, akaiweka juu ya meza. "Mwenye kuvaa hii ndiye anagusa site. Wengine, mikono chini."

Basi tukafanya kazi hivyo, watu wazima wenye diplome, tunapokezana kofia yenye jasho la muzee.

Mimi nilikuwa na site ya ushirika wa mama wanaolima maharagi. Présidente wao ni mama aliyenizaa. Tangu nimalize shule anawaambia watu, "Katungu anafinya-finya mashini tu," utasema niko na ugonjwa. Wiki tatu nilitoa roho: picha za mashamba, jina la kila mbegu, hata sauti ya mama akizieleza. Jumamosi angeiona mbele ya wenzake wote, katika salle moja ya mikutano kule Mapendo. Nilitaka aone, hata mara moja, kwamba kazi yangu ni kazi.

Alhamisi Papa Adalbert akaenda kwenye kilio kule Vitshumbi, na kofia kichwani. Ijumaa saa kumi nikakuta Benny amevaa kofia nyekundu. Nikamuuliza muzee amerudi saa ngapi.

"Hajarudi. Hii nimenunua sokoni. Sheria ilisema kofia, haikusema ya nani."

Alikuwa amesahihisha namba moja ya simu, tena ndani ya kopi yake ya mwezi uliopita, kisha akaimwaga yote juu ya site. Mimi nilikuwa naandika moja kwa moja kwenye site, kopi sikuwa nayo. Kazi yangu ya wiki tatu ikafutika yote. Nilimuita Benny majina ambayo nitayapeleka kwa padri kuyaungama.

Wanasema asiyesikia la mukuu huvunjika guu. Kwetu mukuu ndiye hakusikia, na guu likawa langu.

Jumamosi, tulipofungua site mbele ya mama wote, ukutani ikatokea picha ya pikipiki ya Benny, aliyoiweka humo zamani kwa kujaribu. Mama wote wakapiga makofi kwa heshima. Mama yangu hakupiga. Aliniita pembeni, na Papa Adalbert, aliyefika asubuhi ile, akatufuata. Nikaeleza yote huku nalia.

Mama akamgeukia. "Papa, mimi kila saison ya kulima naweka mbegu ya kila aina ndani ya chupa. Naandika mwaka na jina la aliyenipa. Mvua ikiharibu shamba, narudi ku chupa. Nyinyi wenye mashini hamukuweka mbegu?"

Papa Adalbert akavua kofia, akakosa pa kuiweka.

Jumatatu Git ikaanza. Muzee anaikubali, ila kila akiifungua anavaa kofia kwanza. Site ya ushirika nimeirudilia yote tangu mwanzo, imenichukua mwezi. Na mama sasa anawaambia watu kwamba Katungu anachunga mbegu ndani ya mashini.