Malalamiko Juu ya Gari la Viti Vinane

Mtu akikaa miaka ishirini na sita akipokea malalamiko ya wenzake, siku anapopata la kwake mwenyewe hulishika kwa mikono miwili. Ndivyo ilivyokuwa kwa Bwana Fomu. Alikuwa mkuu wa dawati la malalamiko katika idara ya maji, na jina hilo alipewa na wafanyakazi wenzake, likamfuata mtaani, likaingia hadi nyumbani. Hata mkewe akikasirika alimwita hivyo hivyo. Alipostaafu alinunua gari jipya la familia, jeupe, la viti vinane, lenye mlango wa pembeni unaoteleza wenyewe ukibonyezwa kitufe. Majirani waliliita kibasi. Wiki sita baadaye alikuwa ameshaliandikia kasoro kumi na saba.

Kasoro ya kwanza: mlango unajifunga kwa haraka, kana kwamba umechoshwa na abiria. Ya nne: mahali pa kuwekea vikombe ni kumi na mbili na viti ni vinane, sasa hao wanywaji wanne wa ziada ni akina nani? Ya tisa: ukiweka mkoba kwenye kiti, gari linapiga kelele mpaka mkoba ufungwe mkanda. Ya kumi na moja: mwanamke wa kwenye skrini anakuambia pinda kushoto wakati kushoto umeshakuona mwenyewe, na usipomtii anarudia, tena kwa upole, jambo linaloudhi zaidi. Lakini ya kumi na saba ndiyo aliyoipigia mstari mara mbili: “Gari hili linaongea mno. Halimwachi mtu akapumua.”

Aliandika hayo kwa mkono wake mwenyewe, jamani, wala hakucheka.

Sasa usidhani alikuwa analalamika kwa sababu anapenda tu. Kupenda alipenda, hilo tusifichane, lakini safari hii alikuwa na jambo linalomkaa rohoni. Binti yake mkubwa alikuwa amehamishwa kikazi, mji wa mbali, mwendo wa siku mbili kwa barabara. Jumamosi anahama, yeye na mumewe na watoto wao wawili. Bwana Fomu alikuwa amenunua lile gari akiwa na picha moja kichwani: yeye kwenye usukani, mkewe pembeni yake, binti na mkwe katikati, wajukuu nyuma, siku mbili nzima wakiwa pamoja, na yeye ndiye anayewapeleka. Baada ya hapo nani ajuaye wataonana lini tena. Ndipo Jumapili binti akamwambia, “Baba, usijisumbue. Sisi tutapanda basi.”

“Basi la nini, na gari lipo uani?”

“Basi tu, baba.”

Maneno hayo yalimchoma. Jioni ile alilizunguka gari mara tatu, akilibonyeza matairi kwa ncha ya kiatu, akatafuta alipokosea. Akakumbuka kwamba hata kitinda mimba wake, kijana wa chuo, alikuwa ameacha kupanda; juzi aliondoka na mwavuli wenye mbavu mbili zilizovunjika huku mvua ikimwagika, eti anapenda kutembea. Nani anapenda kutembea kwenye mvua? Mtu mwenye akili zake timamu anakimbia kitu. Na kitu chenyewe, Bwana Fomu aliona, kilikuwa wazi kabisa: gari ni bovu, watu wanateseka humo ndani, ila wanamwonea haya kumwambia. Likitengenezwa kabla ya Jumamosi, binti atapanda.

Duka lililomuuzia gari lilikuwa na fomu maalumu, “Maoni ya Mmiliki na Abiria.” Alipoziona alifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake. Akachukua tano, na bahasha tano.

Hapo kwenye bahasha ni lazima nieleze. Zamani, pale idara ya maji, kulikuwa na karani mmoja aliyekuwa akipunguza ukali wa barua za watu kabla hazijafika kwa wakubwa. Bwana Fomu alipopewa dawati alikomesha mchezo huo. Akaweka utaratibu wake: mlalamikaji anaandika, anafunga bahasha mwenyewe, na bahasha haifunguliwi ila mbele ya yule anayelalamikiwa, ikasomwa kwa sauti, neno kwa neno. Aliujivunia utaratibu huo kuliko saa ya ukutani aliyopewa siku ya kuagwa.

Kwa hiyo Jumatano jioni aliwagawia fomu watu wa nyumbani, waliokuja kula pamoja, mmoja mmoja kama mitihani.

“Andikeni ukweli mtupu,” akawaambia. “Msimwogope mtu. Mimi sitasoma. Zitafunguliwa kesho huko dukani, mbele ya waliotuuzia gari.”

Mkwe akamtazama mkewe. Kitinda mimba akainamia sahani.

“Baba watoto,” mkewe akasema taratibu, “una hakika unataka tuandike?”

“Utaratibu ni utaratibu.”

“Na zisomwe kwa sauti?”

“Neno kwa neno.”

Mkewe akavuta kalamu, akauliza kama kuna karatasi ya nyongeza.

Alhamisi asubuhi wakaenda wawili, yeye na mkewe. Mkewe akabaki garini, kwenye uwanja wa karakana ya lile duka. Alisema humo ndani kuna baridi nzuri. Bwana Fomu akaingia ofisini na bahasha zake tano chini ya kwapa. Msimamizi wa huduma alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo shingoni, na pembeni yake alisimama fundi mkuu ambaye Jumatatu alikuwa ameliendesha lile gari nusu saa nzima.

“Gari lako ni zima, mzee,” fundi alisema. “Halina hata kijipu.”

Bwana Fomu akatabasamu. Jibu la namna hiyo alishawahi kulitoa mwenyewe mara nyingi, akalijua hadi kokwa. Akazipanga bahasha mezani. “Someni wenyewe,” akasema. “Abiria ndio wenye gari.”

Msimamizi akafungua ya kwanza, ya kitinda mimba, akavaa miwani. “Sehemu ya pili, starehe ya abiria. Kiti kizuri kuliko vyote ni cha nyuma kabisa, dirishani.”

“Maana yake vya mbele vina kasoro,” Bwana Fomu akadakia. “Andika.”

Fundi akaandika.

Ya pili ilikuwa ya binti mkubwa. “Sehemu ya tatu, sauti zinazosikika ndani ya gari. Kuna sauti mbele, upande wa usukani. Inaanza gari likitoka getini na haikomi mpaka tumefika. Kwenye kona inazidi. Tukiwasha redio inapanda ili iishinde redio.”

“Mnaona?” Bwana Fomu aliipiga meza kiganja. Kumbe hakuwa peke yake! “Mimi siisikii kwa sababu masikio yangu yameshazoea.”

Fundi alikuna kidevu. “Inaweza kuwa feni. Au beringi ya tairi la mbele.”

“Endelea, endelea.”

Msimamizi akaendelea, na sauti yake ikaanza kupungua mwendo. “Inataka kujua kwa nini mume wangu hajapandishwa cheo. Inasema ... inasema mji tunaohamia hauna maji ya uhakika, na kwamba ingekuwa yeye asingekubali uhamisho.”

Fundi aliacha kuandika.

Bwana Fomu alihisi masikio yanawaka moto. Msimamizi akavua miwani. “Mzee, nafikiri hizi nyingine ukasome mwenyewe nyumbani.”

Hapo alikuwa na nafasi ya kupona. Mtu mwingine angezikusanya bahasha zake akatoka mbio. Lakini hakuwahi kukatisha usomaji hata mara moja katika miaka ishirini na sita, hata siku ile mlalamikiwa alipozimia, na hakuona ataanzaje leo kwa sababu tu mlalamikiwa ni yeye. “Soma,” akasema.

Ya mkwe ilikuwa ya adabu, maana mkwe ni mkwe. “Gari ni zuri sana. Baba ni mzuri sana. Vyote viwili kwa wakati mmoja ndiyo shida.”

Ya mjukuu wa kike, wa miaka saba, maana mdogo wake hajajua kuandika, ilikuwa na herufi kubwa kubwa. “Babu ananiuliza saba mara nane. Nikikosa ananiuliza tena. Nikipata ananiuliza nyingine. Gari linanukia vizuri.”

Fundi aligeukia dirisha, mabega yakimtikisika. Bwana Fomu alimwona, akajikaza.

Ikabaki ya mkewe. Visanduku vyote vilikuwa na alama ya “nzuri sana”: mwonekano, mwendo, breki, hata mlango. Karatasi ya nyongeza ilikuwamo, imekunjwa mara nne, na juu yake sentensi tatu tu. Msimamizi alizisoma polepole, kama mtu anayebeba chombo kisicho chake.

“Gari halina kosa. Nimekaa kiti cha mbele, pembeni yake, miaka thelathini na moja, magari matatu. Naomba kuhamia nyuma.”

Hakuna aliyecheka tena. Fundi mwenyewe alisoma matangazo ya ukutani.

“Sasa mzee,” msimamizi akauliza kwa upole, “kwenye kasoro tuandike nini?”

“Usiandike kitu,” akasema Bwana Fomu, akazikusanya karatasi zake. “Hizi hazikuwa zenu.”

Alipotoka uwanjani aliona kiti cha mbele kitupu. Mkewe alikuwa ameshahamia nyuma kabisa, safu ya tatu, dirishani, mkoba mapajani. Hakungoja jibu. Bwana Fomu akawasha gari, akatoka.

Kwenye mataa ya kwanza pikipiki ikamkatizia. Akageuka kushoto kusema, kama alivyozoea, “Umemwona yule?” Kiti hakikumjibu. Kwenye mzunguko lori likaingia bila kutoa ishara, akageuka tena. Alikuwa na maneno mdomoni na hana pa kuyatua. Kwenye kioo cha juu alimwona mkewe kwa mbali, mdogo, ameegemeza kichwa dirishani, na uso wake ulikuwa na utulivu ambao hakumbuki aliuona lini. Hilo ndilo lililomuuma kupita zile fomu zote. Mkewe alikuwa anastarehe.

Mbele ya duka la vigae akaegesha. Akashuka, akapita ule mlango wa pembeni, akajipinda mpaka safu ya tatu, magoti yakagonga kila kitu.

“Sogea,” akasema.

“Na gari anaendesha nani?”

“Hakuna. Tukae kidogo.” Akayapanga magoti. “Binti yetu. Ananikimbia mimi, si gari?”

Mkewe alizoea kwamba swali la mumewe huwa linakuja na jibu lake. Alingoja. Jibu halikuja. Akamtazama, akangoja tena, ndipo akaanza.

Akamwambia kwamba binti hana raha na ule uhamisho. Kwamba huwa anakuja jikoni asubuhi, watoto wakiwa shule, analia akimenya viazi, kisha anaosha uso anarudi kwake. Anauogopa mji asioujua. “Mara tatu alitaka kukueleza, baba watoto. Humu humu garini. Alipanda makusudi akae nawe. Mara ya kwanza ulikuwa unaeleza jinsi ya kuingia kwenye mzunguko. Mara ya pili, bei ya matairi. Ya tatu sijui ilikuwa nini, mwenyewe nilikuwa nimeshaacha kusikiliza.”

Bwana Fomu alitaka kusema kwamba mzunguko ule ni hatari kweli. Maneno yalimfika kwenye meno. Aliyameza, yakateremka kama kidonge kikavu, na machozi yakamlengalenga, sijui kwa ajili ya binti au kwa ajili ya kidonge.

Mkewe akaendelea. Alitoka kwa binti akaingia kwa kitinda mimba, akatoka kwa kitinda mimba akaingia kwake mwenyewe: goti linalomsumbua tangu mwaka jana, shoga yake aliyehama, darasa la ushonaji analotaka kuanza. Mambo madogo madogo, na mumewe hakuwa na habari na hata moja. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nje watu walipakia vigae kwenye mkokoteni, vibaya kabisa, vizito vyote upande mmoja, na yeye aliwaona, naam aliwaona, na hakusema.

Mwishowe mkewe akatazama saa, akatoa simu mkobani, akampigia binti, akaiweka sauti ya wazi.

“Mwanangu, lile basi msikate tiketi kwanza. Niko na baba yako hapa, kwenye gari.” Akasikiliza. “Hapana, haumwi. Amekaa tu. Amenyamaza.” Akasikiliza tena. “Ndiyo, yeye mwenyewe. Dakika kumi na nne sasa, nimehesabu.”

Bwana Fomu aliisogelea simu, ameshika ukingo wa kiti cha mbele yake kwa vidole vyote.

“Sawa, mama,” binti akasema, sauti ikiwa kati ya kucheka na kulia. “Mpe kumi nyingine, halafu unipigie.”