Udongo Uliosiribiwa Njia ya Laxmi

Kazi yangu ni kuchota udongo. Nimezunguka nusu ya vilima vya Palpa na jembe na mifuko, nikitafuta minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, ile inayowaua funza wanaotafuna mizizi ya mazao yetu. Udongo nautia koponi pamoja na kiwavi wa nondo. Kiwavi akifa na kugeuka mwekundu kama tofali, minyoo imo.

Mashamba yote ya kijijini yameshazoea sumu ya wadudu, inayoua na minyoo hiyo. Lililobaki safi lilikuwa la mama mkwe wangu, Phulmati. Nilichota kopo moja hapo, nikaliweka barazani. Siku mbili baadaye shemeji yangu Khagendra, ndugu wa mume wangu, mtu wa haraka hata kwenye kutafuna wali, akalimwagia shamba zima sumu ili apande viazi sikukuu ya Laxmi, mungu wa kike wa mali, ikipita. Nilikasirika, lakini kopo langu lilikuwepo.

Asubuhi ya sikukuu hiyo nikarudi kutoka kisimani, nikakuta kopo tupu. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti, anasiriba njia ya kumpitisha mungu wake kutoka uani hadi mlangoni, kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe.

"Mama, udongo wa koponi uko wapi?"

"Si huu hapa! Laini, umechekechwa. Nikasema leo mkwe wangu kaniandalia."

Nilikaa palepale nikalia. Nikamweleza kwamba shamba lake limemwagiwa sumu lote, na udongo wake safi uliobaki ni huo alioupaka chini.

Aliingia jikoni, akatoka na upawa, akaanza kukwangua. Kukwangua njia siku ile ni kumfungia Laxmi mlango. Hakuna asiyelijua hilo.

"Mama, umezidi sasa!" Khagendra akafoka. "Nyumba yetu peke yake isiwe na njia? Watu watatucheka!"

"Wacheke, meno wanayo. Wewe uliyemwaga sumu bila kuuliza, shika kopo."

Akalishika.

Jioni taa ziliwaka kila nyumba. Majirani walipita wakichungulia ua wetu uliochubuka. "Mkwe wangu ana kazi," Mama aliwaambia, basi. Nilimwona akijifuta macho kwa ncha ya sari, na roho iliniuma.

Nilitia viwavi watano kwenye yale matope. Siku ya tatu wanne walikuwa wameoza, weusi, wananuka. Sikumwambia mtu. Siku ya tano nikafunua kopo nikamkuta wa mwisho amekufa, mwekundu.

"Mmoja tu?" Mama aliuliza, pua karibu iguse kopo.

"Ndani yake imo minyoo maelfu, Mama. Tutaizalisha, kisha tuirudishe shambani kwako."

Nikainama nimguse miguu kwa paji la uso, kama inavyompasa mkwe; binti wa kuzaa kwetu hainami. Alinidaka mabega kabla sijafika chini.

"Usiiname, mwanangu," alisema.

Miaka miwili nilikuwa nimeishi mle ndani, na siku zote aliniita mkwe.