Milango Miwili ya Maktaba ya Varsedijk

Maktaba ya mji wa Varsedijk ilijengwa na tajiri mmoja wa vitambaa aliyekufa bila mtoto. Aliuachia mji jengo hilo, akaagiza liwe la watu wote. Maskini, hakuwajua watu wake. Rangi haijakauka vizuri, mapadri na wachungaji walishagombania vitabu vya kuwekwa humo, na baraza la mji, kwa kuchoka nao, likaleta matofali. Ukuta ukapandishwa katikati, kutoka sakafuni hadi darini. Mlango wa kushoto, unaotazama uwanjani, wakapewa Wakatoliki. Wa kulia, wa uchochoroni, wakapewa Waprotestanti. Kila upande ukanunua kamusi yake, atlasi yake na jiko lake la makaa.

Usicheke. Mji mzima uliishi hivyo. Kulikuwa na waoka mikate wa huku na wa kule, hospitali mbili, timu mbili za mpira. Hata wafugaji wa mbuzi walikuwa na vyama viwili, ingawa mbuzi wenyewe hawakuulizwa. Mtu aliweza kuzaliwa, kuoa na kuzikwa bila kununua hata sindano kwa mtu wa upande wa pili.

Ndiyo maana Aleida Roosink, mtunza maktaba wa upande wa kulia, aliweza kukaa miaka thelathini na ushei bila kusema na mdogo wake wa tumbo moja. Mdogo huyo, Trui, aliolewa na Graad, fundi viatu Mkatoliki, akafuata dini ya mumewe. Baba yao alikuwa mzee wa kanisa. Alipokuwa akikata roho alimshika Aleida mkono, akamwapisha asipite kamwe mlango anaoupita Trui. Aleida akaapa. Alimpenda baba yake kuliko alivyomwogopa, au pengine kinyume chake. Mwenyewe hakuwahi kujua. Kwake kiapo kilikuwa kiapo. Graad alipozikwa, Aleida alisikia kengele akiwa mezani pake, akaendelea kugonga mihuri kwenye vitabu mpaka zikanyamaza. Alijua kwamba anatenda vibaya. Moyo ulimuuma, na mkono ukaendelea kugonga.

Mwaka wa sabini na nne, makanisa yakiwa yameanza kupwaya, baraza liliamua ukuta uvunjwe. Aleida alifurahi kuliko wengi, mpaka fundi mchoraji alipokunjua ramani yake. Maktaba moja, mlango mmoja, nao ni wa kushoto. Wa kulia utazibwa. Na kila mtu mjini alijua kwamba Trui huupita mlango wa kushoto kila Jumamosi, na kikapu chake cha vitabu.

Aleida aliomba mlango wake ubaki. Sababu hakuitaja, ingawa mji mzima ulikijua kiapo chake. Basi akawaambia kwamba siku mlango huo utakapozibwa, naye ataacha kazi. Bwana Tiebosch, mtunza maktaba wa upande wa Wakatoliki, alimfuata kumsihi. Alimwambia kwa upole kwamba wafu hawakai mlangoni kuwahesabu wapitao. Aleida akamjibu kwamba wafu hawakai, lakini Mungu yupo. Tiebosch akavaa kofia yake, akaenda zake.

Ukuta ulianguka kwa urahisi wa kutia aibu. Vumbi lilipotulia, vyumba viwili vikatazamana, na watu wakaona kwamba upande wa pili wana atlasi ileile, kamusi ileile, hata mapazia ya rangi ileile. Ulibaki mstari tu wa saruji tupu sakafuni, pale matofali yalipokuwa. Mtoto angeuvuka kwa hatua moja. Lakini wasomaji waliingia kila mmoja kwa mlango wake, wakaketi kila mmoja upande wake, kama kwamba ukuta bado umesimama.

Siku ya mwisho mvua ilinyesha. Waashi walikuwa uchochoroni na matofali yao, wakinywa kahawa chini ya turubai. Aleida alikuwa anafunga vitu vyake katika sanduku, akichechemea kwa goti lake bovu, mlango wa kulia ulipofunguliwa. Aliyeingia ni Trui, kwa mkongojo, amelowa. Alikuwa na paji la uso la marehemu mama yao, na Aleida akashika ukingo wa meza.

Trui hakutoa salamu. Alivuta kiti, akaketi mbele yake.

"Umezeeka, dada."

"Na wewe."

"Mimi nina haki, nimelea watano. Wewe umezeeshwa na nini? Mihuri?"

Aleida alitaka kucheka, akashindwa. "Umepita mlango huu," alisema.

"Nimeupita. Na ule naupita kila wiki. Haya niambie, leo utatokea wapi? Dirishani? Kwa goti hilo?"

Aleida akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakukuwa na mlango uliobaki. Kiapo cha baba yake kilikuwa kimemfungia ndani.

"Wewe hukuapa," alisema. "Ungeweza kuja siku yoyote. Mbona hukuja?"

Utani ukamtoka Trui usoni. "Nilikuwa nangoja uniite. Siku ya kumzika Graad, kila mlango wa kanisa ulipolia niligeuka. Nikasema, leo atakuja. Baada ya siku ile sikungoja tena."

"Na leo?"

"Tiebosch kaniambia unaacha kazi. Nikaona baba ameshatuchukulia mengi mno. Hii asikuchukulie."

Aleida akalia. Hakulia kwa staha kama alivyolelewa. Alilia kwa sauti, mbele ya wasomaji, na hakuna aliyegeuza ukurasa. Mwashi akachungulia, akauliza kama waanze. Aleida akamwambia waanze.

Alivaa koti lake, akampa mdogo wake mkono, wakauvuka ule mstari wa saruji. Kwenye mlango wa kushoto mguu ulimgomea. Trui hakumvuta. Alisimama naye tu, akangoja.

"Nisamehe, baba," Aleida alisema, akapita.

Nje mvua ilikuwa haijakatika. Aleida akasema twende kwako.

"Unapajua?" Trui aliuliza.

"Nimepakwepa miaka yote hii, mdogo wangu. Napajua."