Goti la Lasiyem Siku ya Idi

Dada yangu Lasiyem aliingia nyumba ya Bibi Hartini akiwa binti mdogo, akaitumikia mpaka akaota mvi. Kwetu Yogya, mji wa masultani, katika nyumba za wakubwa, mtumishi hapiti wima mbele ya aliyeketi. Hutembea amechutama, sinia mikononi. Nayakumbuka masinia yale yote. Msinidanganye kwamba magoti hufa kwa uzee tu.

Goti la kulia lilipokataa kabisa, daktari akasema litolewe, liwekwe la chuma. Kabla ya kisu Dada alijizoeza kukaza paja kitandani, akihema. Alitaka kitu kimoja: siku ya Idi apige magoti mbele ya mama yetu, paji la uso mapajani pake, aombe radhi kama ilivyo desturi. Mama alikuwa kipofu, pumzi zimebaki chache.

"Idi utapiga magoti juu ya mto, tukikushikilia," muuguzi alimwambia baada ya upasuaji. "Lakini kuchutama usithubutu, Bi Yem. Kidonda kibichi."

Dada akawa anavuta kisigino kitandani kutwa ili goti likunjike, machozi yakimtoka.

"Usikililie chuma, Dada, kitaota kutu."

"Nyamaza, mchokozi wewe!"

Idi ilipokaribia, Bibi Hartini akaja kwetu kumjulia hali, akakaa kwenye kigoda. Dada alikuwa kitini, kichwa chake juu kuliko cha bibi yake, mwiko kwa mtumishi. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai. Nikasikia, "Usijisumbue, Yem!" kisha yowe. Nikamkuta amechutama sakafuni, kidonda kimefumuka, damu inachuruzika. Naye Bibi mkono keshaunyoosha ubusiwe.

"Kwa nini, Dada?"

"Mwili umeshuka wenyewe, mdogo wangu. Sikuutuma."

Wakamshona upya, mguu wakaufunga gango, marufuku kukunja. Mama tulimficha habari hizo.

Siku ya Idi Dada alisimama mbele yake, amening'inia kwenye magongo. Mama akanyoosha mkono chini, pale kilipostahili kuwa kichwa.

"Yem hajaja?"

"Nipo, Mama. Nisamehe makosa yangu yote."

"Mbona sauti yako iko juu, mwanangu?"

Dada akajisogeza karibu. Mkono wa Mama ukapapasa hewa, ukaigusa bandeji ya goti, ukatulia hapo. Nadhani Mama aliidhania mtandio wa kichwani mwa Dada.

"Nimekusamehe," akaiambia bandeji, akiipapasa polepole.

Gango lilipofunguliwa, Mama alikuwa kaburini. Goti linakunjika vizuri sasa.