Picha ya Mguu wa Mama Mkwe

Mayala aliwahi kushuka mita sitini ndani ya duara, shimo la dhahabu la Nyarugusu, kwa kamba moja na kurunzi kichwani, wala hakutetemeka. Lakini Alhamisi ile asubuhi, akiwa uani kwake, ng'ambo ya mto unaomtenga na mji wa Kahama, alitetemeka kwa sababu ya mguu. Tena mguu wenyewe haukuwa wake.

"Shikamoo, Baba Kamili," simu ilisema. Alikuwa Nesi Noela wa kliniki ya kisukari mjini Kahama.

"Marahaba, mwanangu."

"Picha ya bibi ya Jumatatu imenifikia jana usiku, na imeninyima raha. Ina ukungu, lakini kidole gumba kinaonekana cheusi. Kama ni nyama inayokufa, daktari atakikata kabla haijapanda juu. Naomba picha nyingine leo, kabla ya saa sita, mguu ukiwa umeoshwa, na unyayo wote uonekane. Nisipoipata, bibi itabidi aletwe alazwe."

"Mto umejaa, nesi. Hata ng'ombe hawavuki."

"Ndiyo maana naomba picha."

"Mpiga picha hayupo."

"Simu ni ya nani?"

"Yangu."

"Mikono unayo?"

"Ninayo."

"Basi mpiga picha yupo," alisema Noela, akakata simu. Alikuwa na miguu mingine thelathini ya kutazama kabla ya kunywa chai.

Bibi mwenyewe alikuwa Mama Epifania wa Ushirombo, mama mzazi wa Dorika, mke wa Mayala. Alikuja kukaa kwa binti yake tangu kidonda kimshike mguuni. Mwanzoni walimpeleka Kahama kila wiki: pikipiki hadi mtoni, gari hadi mjini, kisha benchi mpaka alasiri. Noela alifungua bendeji, akatazama dakika tatu, akasema kinaendelea vizuri, warudi wiki ijayo. Mpunga wa Dorika ukaota magugu yaliyoupita urefu. Ndipo kliniki ilipoanza utaratibu wa picha. Kila siku ya tatu mguu hupigwa picha, picha huruka hadi Kahama, na jibu hurudi kabla uji haujapoa. Anayeitwa mjini ni yule tu mwenye la kuitiwa.

Kazi ya picha ilikuwa ya Dorika. Lakini Jumapili alikwenda Songwa kwa mdogo wake aliyejifungua, na mvua ikamfungia huko. Jumatatu jirani yao, Apolonia, alijitolea kupiga. Nusu ya picha ilikuwa dole gumba lake mwenyewe. Mbaya zaidi, habari za kidonda zilifika kwenye jumuiya ya kanisa kabla picha haijafika Kahama, na Mama Epifania akaapa kwamba Apolonia hataona tena hata kisigino chake. Wanawake wengine walikuwa mpungani, na watoto walikuwa shule ya bweni.

Alibaki Mayala. Na Mayala alikuwa mkwe.

Mwanamume wa Kisukuma aliyelelewa vizuri haingii chumba alicholala mama mkwe wake. Hampi mkono, hamkazii macho, na wakikutana njiani mmoja hupisha porini. Katika miezi minne aliyokaa kwao, Mayala aliijua zaidi sura ya jogoo wake kuliko ya Mama Epifania. Ikitokea wamebaki wawili nyumbani, kila mmoja alisema shida yake kwa yule jogoo, naye mwenzake akaisikia kwa bahati.

Alimpigia Dorika.

"Mama Kamili, niokoe."

Alipomaliza kueleza, Dorika alicheka mpaka mtoto mchanga wa watu akaamka. "Wewe si ndiye shujaa wa maduara? Kila siku tunasimuliwa hapo nyumbani jinsi ulivyoshuka shimoni wenzako wakilia. Leo kidole cha mama yangu kinakutoa jasho?"

"Shimo halina heshima ya kuvunjwa."

"Baba Kamili." Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Mama akikatwa kidole nikiwa huku, mimi na wewe tutatazamanaje?"

Saa ilikuwa tatu na nusu.

Kwanza aliiweka simu kizingitini kwa mama mkwe, kamera ikiwa tayari, akarudi nyuma hatua ishirini na kusema kwa sauti, "Jogoo, nesi anaomba picha kabla ya saa sita. Mguu uoshwe kwanza. Pale kwenye duara jeupe ndipo pa kubonyeza."

Pazia likacheza. Mkono ukatoka, ukachukua simu. Ukapita muda wa mtu kuchota maji ndoo mbili. Simu iliporudishwa kizingitini, Mayala aliituma picha bila kuitazama.

Jibu likaja: "Bibi amependeza sana na kilemba chake. Sasa naomba mguu."

Mama Epifania alikuwa amejiandaa kwa picha kama mtu anavyojiandaa kwa picha. Aliposomewa jibu kupitia jogoo, alisema naye kupitia jogoo, "Mwambie mwenye nyumba kiuno changu hakikunjiki. Nikiinama kupiga huo unyayo, nesi atatibu na mgongo."

Saa nne ikapita. Mayala alizunguka uani, akapiga teke kopo, akakaa juu ya karai lililopinduliwa, lile alilorudi nalo kutoka machimboni. Kisha akainuka kama aliyekalia siafu. Akalitazama karai.

Machimboni mtu hapigi kelele ndani ya duara. Kamba ndiyo husema. Ikivutwa mara moja, tayari. Mara mbili, pandisha. Alikaa miaka saba akiongea na watu asiowaona, na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Alifunga kamba kwenye mkono wa karai. Akawasha tochi ya simu, akaanza kurekodi video, akailaza simu kifudifudi ndani ya karai, kamera ikitazama juu. Akamweleza jogoo kila kitu, neno kwa neno: bibi akae kitandani, mguu aunyooshe hewani juu ya karai, augeuze polepole, simu asiiguse kabisa, na kamba aivute mara moja akiwa tayari, mara mbili akimaliza. Kisha akageuza uso ukutani, akachukua fimbo yake ya kuchungia, akalisukuma karai kupita chini ya pazia, taratibu, mpaka fimbo ikaisha.

Kamba ikavutwa mara moja.

Mayala alihesabu pumzi. Ndani alisikia mama mkwe akimlalamikia jogoo kwamba uzee ni huu, mtu anaonyesha nyayo kwa sufuria. Akajikuta anaimba chinichini wimbo wa zamani wa kulima ili masikio yasichukue mengi.

Kamba ikavutwa mara mbili. Akaivuta.

Video ilichukua muda kuondoka, mtandao wa masika ukiwa mzito kama tope. Saa sita kasorobo ndipo ikaondoka. Mayala alikaa kizingitini kwake, simu magotini, na sasa hakuwa anafikiria heshima. Alikuwa anafikiria jinsi Mama Epifania alivyotembea kwa miguu kutoka Ushirombo hadi kanisani siku ya harusi yao.

Simu ikalia.

"Baba Kamili," alisema Noela, "kidole ni kizima. Nyama ni nyekundu, safi, inafunga. Hakuna kulazwa wala kukata."

Mayala alilipiga karai kofi moja la furaha.

"Ila kuna weusi umebaki pembeni ya ukucha, na ukingoni mwa kitanda nimeona kopo la ugoro. Bibi anapaka ugoro kwenye kidonda. Mwambie aache leo leo."

"Nimwambie mimi?"

"Sasa nani? Yule Jogoo? Nimemsikia bibi akimlalamikia video nzima. Ni kijana wako?"

"Ni jogoo," alisema Mayala. "Nesi, nakuomba, sema wewe. Rekodi sauti yako, mimi nitaifikisha."

Noela alirekodi maneno ya mjukuu kwa bibi yake, ya adabu na yasiyo na mzaha. Mayala alipandisha sauti ya simu mpaka mwisho, akaifungulia rekodi ile, akaiweka simu kwenye karai na kulisukuma tena kwa fimbo. Alisikia nesi akisema, akasikia mguno mrefu, kisha sauti ya kujitetea: "Nilikuwa nafukuza inzi tu."

Kamba ikavutwa mara mbili.

Karai lilitoka zito kidogo kuliko lilivyoingia. Simu ilikuwemo. Kando yake lilikuwa kopo la ugoro, kifuniko kimebanwa vizuri.

"Jogoo," alisema Mama Epifania nyuma ya pazia, "mwambie mwenye nyumba akalifukie mbali. Na asinuse njiani. Na habari hii Apolonia asiisikie."

"Jogoo," alisema Mayala, uso ukutani, "mwambie Mayu, mama yangu, amesikika."

Alilifukia kopo nyuma ya zizi. Kisha akaikunja kamba vizuri, akaitundika karibu na mlango wa mama mkwe, kwa sababu Jumapili ilikuwa siku ya picha nyingine na mto ulikuwa bado umejaa.