Mkono wa Nyuma

Jovita alivijua vipimo vya nusu ya wanawake wa Kasingirima. Kifua, kiuno, nyonga, mzunguko wa mkono: vingine alikuwa navyo kwenye daftari na vingine kichwani, maana kushona ndiyo kazi yake na futi kamba ilishinda shingoni mwake kutwa nzima. Mwili ambao hakuujua ni wake mwenyewe. Magauni yake aliyakata kwa kukisia, mapana kama turubai, na kioo kirefu cha wateja alikigeuzia ukutani kila alipobaki peke yake.

Watoto wawili walikuwa wamepita tumboni mwake wakaacha michirizi na ngozi iliyolegea. Basi, hakuna zaidi. Utasema hilo ni jambo la kawaida mno, na ni kweli, lakini mtu akishaanza kujificha hupata sababu mpya kila siku. Kwa miaka sita mumewe Edson, fundi wa mashine za boti kule Kibirizi, hakuwahi kumwona mkewe bila nguo penye mwanga. Kwanza taa izimwe, gauni la kulalia lisivuke kiuno, na mkono wa Edson ukipanda juu ulishikwa ukarudishwa ulikotoka. Mwanzoni alitania. Baadaye akanyamaza. Mwezi wa nane alihamia kulala sebuleni akisingizia joto, na Jovita akaelewa kwamba ndoa yake inamponyoka, na anayeiachia ni yeye.

Ndipo Verediana, muuguzi wa zahanati na mteja wake wa siku nyingi, alipomshika mkono akampeleka kwa kina mama wa Jumamosi.

Kina mama hao walikuwa tisa pamoja na Jovita. Kila Jumamosi saa nne asubuhi, mawe yakiwa yameshashika joto, walipenya kwenye matete hadi kighuba kidogo kusini mwa Ujiji. Kanga moja ilifungwa kwenye mti njiani, na mwanamume akiiona aligeuza bila kuuliza. Mkubwa wao alikuwa Bi Ziada, mama wa Kimanyema aliyefunda wari wa Ujiji kwa miaka thelathini, mpaka siku moja akachoka. Wasichana, alisema, wanatoka mikononi mwake wakijua kila kinachompendeza mume, ila wao wenyewe kinachowapendeza hawakijui, wala hawajui miili yao imekaaje. Akashirikiana na rafiki yake Rozalia wa Simbo, mpika sabuni za mawese, wakaanzisha huko kukoga kwa watu wazima. Rozalia alifariki miaka miwili kabla Jovita hajaingia. Jovita hakuwahi kumwona.

Waliingia majini hadi kiunoni wakajipanga mstari mmoja, nyuso upande mmoja, kila mtu akimsugua mgongo aliye mbele yake kwa dodoki. Macho yamefumbwa. Sheria hiyo ilikuwa ya Rozalia: mwenzio humwoni mpaka yeye mwenyewe aseme fumbua. Bi Ziada aliyesimama mbele kabisa akiita "Geukeni!", wote hugeuka, na aliyekuwa akisugua anasuguliwa. Verediana peke yake hakuingia. Alikaa juu ya jiwe, kavu na nguo zake, akilinda upande wa ziwa, maana mamba hawana habari na kanga ya njiani.

Wakishakoga walipakana mafuta juani na kuzungumza, na hapo hapakuwa na kufumba chochote. Happiness, bibi harusi wa miezi mitatu, aliuliza kwa nini anaumia, na Verediana akamwambia mwili haukurupushwi, mwambie mumeo asubiri, na maumivu yasipoisha njoo zahanati. Frida, aliyekoma hedhi, alieleza habari za ukavu na dawa aliyopewa, mpaka wakacheka machozi yakawatoka. Jovita alisikiliza yote hayo akiwa amejifunga kanga mbili.

Majini alikuwa na ujanja wake. Alisimama wa mwisho daima, ili nyuma yake pasiwe na mtu, na Bi Ziada alipoita "Geukeni!" yeye alikwisha kutoka. "Nasikia baridi," alisema, jua likiwa linachoma utosi. Hakuna aliyembishia.

Jumamosi ya nne alisuguliwa mgongo.

Alikuwa amefumba macho, dodoki lake likiwa kwenye mabega ya Happiness, alipohisi dodoki jingine likishuka taratibu kwenye uti wake wa mgongo. Alidhani mama mmoja amechelewa, kaingia nyuma yake. Ajabu ni kwamba maji hayakutoa mlio. Mkono ulikuwa mgumu wa kazi, hauna haraka, ukapita kwapani kushoto, ukasimama juu ya kanga ubavuni mwa titi. Vidole viwili vikabonyeza kwa kuzungusha. Kisha ukaondoka. Jovita alipotoka majini hakukuwa na mtu mpya, ila kanga yake ilinuka sabuni ya mawese, na wote pale walikuwa wakitumia sabuni ya dukani.

Jumamosi ya tano mkono ulirudi ukabonyeza palepale. Nyumbani Jovita alikaa kitandani muda mrefu, mkono wake wa kulia ukiwa umening'inia hewani karibu na kwapa, asithubutu kujigusa. Alikuwa anaogopa, na alipoogopa alikasirika, ndivyo alivyoumbwa. Akaanza kutafuta wa kumlaumu, na hakwenda mbali. Nani kila mwezi wa kumi anabandika karatasi za kujipima matiti ukutani mwa zahanati? Nani amekaa nje ya mstari, macho wazi, anaweza kushuka amzunguke mtu?

Jumamosi ya sita vidole vilipenya chini ya kanga.

"Verediana!" Jovita alipiga kelele, akageuka na kofi tayari. Kofi likakata hewa. Nyuma yake kulikuwa na maji tu, yametulia kama yaliyo kwenye ndoo. "Nimekuja kukoga, sijaja kupimwa! Ya zahanati yaache zahanati!"

Wote walifumbua macho. Verediana alikuwa juu ya jiwe lake, hatua ishirini kutoka pale, na mdomo ulikuwa wazi kwa uchungu.

"Mimi sijashuka hapa, dada," alisema. Akasimama, akashika pindo la sketi yake akalikung'uta mbele yao wote. Lilikuwa kavu. Hata miguu yake ilikuwa na vumbi la njiani.

Bi Ziada alimtazama Jovita, kisha akayatazama maji ya nyuma yake, na uso wake ukabadilika.

"Tokeni," aliwaambia wengine. "Wote juu ya mawe. Jovita mwanangu, wewe baki."

"Bi Ziada, naogopa."

"Hata mimi naogopa. Simama palepale pa mwisho. Fumba macho."

Jovita alisimama. Wanawake wanane walikuwa juu ya mawe yale, jua limewaka, hakuna kivuli mahali popote, na wote wakaona. Povu lilianza shingoni mwake. Povu zito la rangi ya manjano, likashuka mgongoni kwa mistari, likipanda na kushuka, likipanda na kushuka.

"Mama we!" alisema Happiness. "Nani anampaka?"

"Nyamaza," alisema Frida, naye analia. "Hiyo harufu huijui wewe."

Bi Ziada aliuliza kwa sauti ndogo, "Unasimama wapi, huo mkono?"

"Hapa," alijibu Jovita, bila kufumbua. "Daima hapa. Kushoto."

Bi Ziada akakaa chini kama aliyekatwa miguu.

"Rozalia alikuwa anasimama wa mwisho," alisema. "Miaka yote. Sheria ya macho aliileta yeye, tukaipenda, imetusaidia wengi. Nikiita geukeni, yeye kesha toka, anasikia baridi. Tukasema, ana haya tu, Waha wa Simbo ndivyo walivyo. Siku tulipomwosha maiti ndipo tulipolifungua titi lake la kushoto. Lilikuwa limeoza, Jovita. Kalifunga matambara, kapaka mawese kuficha harufu. Alitusugua migongo sote, na hakuna hata mmoja wetu aliyemgusa wa kwake. Mimi ni kungwi. Mimi ndiye niliyemwacha."

Jovita alisikia mkono ukitulia chini ya kwapa lake. Haukubonyeza tena. Ulikuwa umewekwa tu, kama mtu anayeonyesha mlango.

Verediana alishuka jiweni akaingia majini na sketi yake, vumbi likimtoka miguuni. Alisimama mbele ya Jovita. "Sitakugusa mpaka useme," alisema. Sauti yake ilikuwa bado na uchungu, na bado ilikuwa ya upole.

Kuona haya ni kitu kigumu. Jovita aliona afadhali kufa kuliko kufungua fundo lile la kanga. Alifikiria tumbo lake mbele ya macho yale yote, michirizi, ngozi ya kitovu iliyokunjamana. Akamfikiria Rozalia akirudi Simbo kila Jumamosi na matambara yake, amesafisha mgongo wa kila mtu isipokuwa wake. Akafungua kanga ya kwanza. Akafungua ya pili.

"Fumbueni macho," alisema, ingawa yalikuwa wazi. "Nitazameni."

Walimtazama. Hakuna aliyestuka. Frida, mwenye tumbo la watoto saba, alicheka huku analia. "Ndilo hilo tu? Ulitutisha bure."

Verediana alitia vidole pale. Alizungusha mara moja, mara ya pili. "Egome, ndiyo," alisema polepole. "Kipo. Kadogo kama mbaazi. Jumatatu asubuhi mimi na wewe hospitali."

Walikwenda. Kikapigwa picha, kikatolewa kipande, majibu yakarudi na jina ambalo watu hulitaja kwa kunong'ona. Daktari alisema kimewahiwa. Jovita alisafirishwa hospitali kubwa, safari ya basi ya kutwa nzima, akakatwa uvimbe na sehemu ya titi, akarudi mara kadhaa kwa dawa zilizomnyonyoa nywele. Kina mama wa Jumamosi walipokezana kumsindikiza. Happiness alijifunza kuendesha cherehani ili sare za shule zisichelewe, akazishona kombo, na wateja wakavumilia.

Usiku wa kwanza nyumbani Jovita hakuzima taa. Alivua gauni akasimama mbele ya Edson na kovu lake na tumbo lake. Edson alitazama kwa muda mrefu, akauliza kama panauma.

"Hapo hapaumi," alisema Jovita. Akauchukua mkono wake, akauonyesha mahali anapopenda uguse. Lilikuwa jambo ambalo hakuwahi kulisema tangu waoane, na Edson hakurudi tena sebuleni.

Masika ilipokwisha alishuka tena kighubani, kanga ikiwa mkononi. Alibeba pande la sabuni ya mawese. Alikuwa amekwenda mwenyewe hadi Simbo akaliomba kwa binti wa Rozalia, Dismasia, anayepika kwa chungu cha mama yake. Mstari ulipopangwa, wote waligeuka kumtazama, maana hakwenda nyuma. Alipita mbele, mbele kabisa, akamwambia Bi Ziada ampishe. Bi Ziada akampisha, akasimama nyuma yake.

Mbele ya Jovita kulikuwa na ziwa tupu hadi milima ya Kongo. Alifumba macho. Akapaka povu kwenye dodoki, akanyoosha mikono, ikakutana na mgongo.

Ulikuwa mpana, mabega yamechoka. Jovita alianza shingoni, akashuka taratibu. Alipofika kwapani kushoto mgongo ule ulijikaza, akaijua namna ya kujikaza kule, ilikuwa yake. Akangoja hadi ulegee. Kisha akaosha chini ya kwapa, akaosha na lile jeraha, kwa kiganja kitupu.

"Pole, dada," alisema. "Tumekuona."

Nyuma yake Bi Ziada aliita, "Geukeni!" Maji yakachafuka, wote wakageuka. Jovita hakugeuka. Alikuwa hajamaliza.